Kikofia

Siku ya nne maziwa yalikuja kama mvua ya Kadutu,
bila hodi, na mfereji haupo.
Kifua kikawa jiwe. Blauzi ikalowa hadi kiunoni.
Na wewe, Ansima, kilo mbili na gramu mia moja,
ulifungua kinywa, ukapapasa, ukateleza,
ukalia kwa hasira ya mtu
aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Chuchu zangu zimelala. Ndivyo zilivyoumbwa,
bapa, kama kifungo kilichoshonwa kwa kukazwa mno.
Miaka ishirini na sita
sikujua kwamba hiyo ni habari.

Muuguzi Nabintu hakucheka.
Alitoa kitu chepesi kinachopitisha mwanga,
mfano wa ganda la ndani la kitunguu,
chenye matundu madogo kileleni.
Akakilowesha kwa maji ya uvuguvugu,
akakipindua nusu kama soksi, akakibandika,
akadondosha juu yake tone la maziwa yangu.
Si dawa hii, alisema. Ni kizingiti tu.
Na kila Jumatatu umlete nimpime, usinidanganye.

Ukakishika.
Vuta, vuta, vuta, meza.
Vuta, vuta, meza.
Ndani ya silikoni weupe ukapanda, ukashuka,
na kwa mara ya kwanza nikayaona maziwa yangu
yakiwa safarini.

Nyanya yako, Mama Cibalonza, alisimama mlangoni
na kopo la maziwa ya unga kwapani.
Mtoto ananyonya plastiki, alisema.
Kesho ataiita ndoo mama.
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu.

Maji yalikuja saa tisa usiku, au hayakuja.
Niliteka bidoni moja kwa ajili ya nyumba,
na kikombe kimoja kwa ajili ya kikofia.
Kikachemka peke yake kwenye sufuria juu ya makala,
kikizunguka kama kitu kinachotafuta kutoka.
Jirani akachungulia: Leo mnapika nini?
Kofia, nikasema.

Halafu usiku ule kikapotea.
Giza, mvua inapiga mabati, mlima mzima unateremsha matope,
na wewe umeshaanza.
Baba yako alitambaa chini ya kitanda, simu mdomoni, tochi inawaka,
akatoka na kijiko, sarafu, na utando wa buibui.
Nikakung'uta kitenge. Nikalia pamoja nawe, sauti moja.
Mama Cibalonza akaamka, akanung'unika kwa Kishi,
akainua godoro na mimi nikiwa juu yake,
kisha akanyamaza.
Akanishika mkono.
Kilikuwa kimenigandia kwenye kiwiko.

Hakunipa.
Alikielekeza kwenye mwanga wa simu, akakigeuza,
akatia ncha ya kidole ndani.
Kadogo hivi, alisema.
Kisha, akiwa ametupa mgongo:
Kabla ya Murhula nilizaa mwingine. Msichana.
Alikuwa anateleza hivihivi.
Siku tisa.

Baba yako alizima tochi, sijui kwa nini.
Tukasikia mvua.
Kisha tukasikia pumzi yake akipuliza makala,
na sufuria ikiwekwa.

Ule unga aliupikia uji, akaunywa mwenyewe, na sukari nyingi.
Kopo akalisugua kwa mchanga, akalianika,
akalileta: Weka humo. Usikitupetupe.

Siku uliyokiacha siikumbuki.
Nilitaka kuikumbuka, kama watu wanavyokumbuka harusi.
Nadhani nilikuwa nachambua sombe,
ukajipatia njia mwenyewe, ngozi kwa ngozi,
na mimi nikaendelea na sombe.
Nabintu alipokupima akaandika namba, akaipigia mstari chini,
akaita: Mwingine!

Sasa una meno sita na unang'ata.
Jana ulilifungua kopo. Ukakivaa kwenye kidole gumba,
ukampelekea nyanya yako akione.
Akakisalimia kile kidole.
Akakiuliza kama kimekula.